Malengo yangu matano ya mkesha yamekwama yote, hivi imani yangu ilikuwa feki?

"Bwana Yesu asifiwe mchungaji, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 34, nauza mitumba. Mkesha wa mwaka mpya tuliambiwa tuandike malengo kwenye karatasi tuweke madhabahuni, tukasomewa Habakuki 2:2, iandike njozi. Nikaandika matano: kusoma Biblia nzima, kufunga kila Jumatano, kupaua nyumba yangu, kurudi chuo nimalizie diploma, na ahadi ya laki sita ya ujenzi wa kanisa. Sasa ni Septemba. Biblia niliishia Walawi mwezi wa pili, ila kwenye kikundi cha kina mama nilisema nimefika Isaya. Kufunga niliacha. Nyumba ni boma tu, maana mtoto mdogo alilazwa mwezi wa nne na mtaji wote ukaishia hapo. Chuo ndo usiseme. Ahadi nimetoa laki mbili, na moja kati ya hizo nilikopa kausha damu kwasababu majina ya ambao hawajamaliza yanasomwa mbele, mpaka leo napeleka marejesho kila siku. Mwenzangu tulioandika naye siku ileile kashapaua na ametoa ushuhuda. Dada mmoja ameniambia Mungu hapokei nusunusu, madhabahu inanidai, akanisomea na Mhubiri 5. Hii ni wiki ya sita siendi kanisani, usingizi umekata, nakesha mpaka saa tisa, kula nako kwa shida. Najiuliza imani yangu ilikuwa feki au? Nianze upya mkesha ujao au niache kabisa kujipangia? Kuna usiku naona bora nisingeamka."

Ameen, marahaba mama.

Naanza na sentensi yako ya mwisho, maana umeiweka mwisho kama mgonjwa anayetaja ugonjwa wenyewe akiwa ameshashika kitasa cha mlango wa daktari anatoka. Unasema kuna usiku unaona bora usingeamka. Nakuuliza wazi, na usiogope, swali hili halimtii mtu wazo baya, nimeliuliza mara nyingi tu nikiwa nimekaa na watu: ni kwamba umechoka na unatamani upumzike na haya mambo, au umeshaanza kuwaza namna ya kujidhuru? Kama ni hilo la pili, haya mengine yote yasubiri. Mwamshe mtu aliye karibu, ndugu, jirani, yeyote, mwambie kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi, muende hospitali usiku huuhuu, na usikae peke yako. Kama ni la kwanza bado nataka uende, wiki hii. Wiki sita hulali, huli vizuri, umejitenga, unajiona hufai, daktari wala hasubiri wiki sita, zikifika mbili tu za hali hiyo anaanza kufikiria sonona, ile wanayoita depression. Nenda hospitali ya wilaya useme naomba kuonana na mtu wa afya ya akili, na kama uko jirani na hospitali kubwa kama Rufaa ya Mbeya, Bugando, KCMC au Muhimbili, huduma hiyo ipo.

Na sonona sio pepo, wala sio kipimo cha imani ya mtu. Eliya kwenye 1 Wafalme 19 alikaa chini ya mti akaomba afe, na Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, malaika akamwamsha akamlisha mkate na maji, akalala tena, akaamshwa akalishwa tena. Maongezi yalikuja baadaye kabisa, na yenyewe kwa sauti ndogo ya utulivu. Kwahiyo ukienda hospitali hujamkimbia Mungu, ndo hiyo zamu ya mkate na maji.

Haya, tuje kwenye karatasi yako.

Ukiisoma harakaharaka unaona malengo matano na umepata sifuri. Mimi nimeona vitu vya aina tatu umeviweka mfuko mmoja, ukaufunga, ukauandikia juu "nimeshindwa mbele za Mungu". Kuna vitu Mungu ameagiza, kuna vitu uliahidi kwa mdomo wako, na kuna vitu ulivitamani tu, vizuri kabisa, ila vilikuwa vyako. Hakuna amri inayosema paua. Diploma pia hakuna. Hata kusoma Biblia nzima ndani ya miezi 12 hakuna mstari unaoagiza hivyo, na Wakristo wengi wa karne za mwanzo hawakuwahi kushika Biblia nzima mkononi, walikuwa wanasomewa tu kanisani wanarudi nyumbani wanaishi. Mtu akikosa kitu alichokitamani anaumia, na ana haki ya kulia, lakini kukosa sio dhambi. Mtoto kalazwa ukachukua hela ya bati ukalipa matibabu, hapo umekosea nini? Ungemwacha mtoto ukanunua bati ndo ningekuandikia barua ya aina nyingine.

Kwenye maelezo yako yote dhambi niliyoiona mimi ni moja, na umeipita kwa nusu sentensi: ulisema umefika Isaya na wewe uko Walawi. Huo ni uongo. Mdogo, ila ni uongo, na nahisi unakuumiza kuliko unavyojua, maana toka siku hiyo ukikaa na wale kina mama anayekaa pale ni mtu mwingine anayejua kusoma haraka, wewe umebaki nje. Dawa yake fupi. Mwambie Mungu leo, halafu mwambie hata mmoja wao, "mwenzangu mimi nilidanganya, nilikwama Walawi". Utashangaa atakavyokujibu. Miaka yote niliyochunga watu sijaona kitabu kinachowazika wasomaji wa Januari kama Walawi, wanatoka Kutoka wakiwa na moto, wakifika kwenye mafuta ya figo na kitambi cha ini wanasinzia, hata mimi nimeshawahi kulala hapo zaidi ya mara moja.

Sasa ahadi, maana naona hapo ndo kisu kilipo. Mhubiri 5:4-5 ipo na siwezi kukudanganya haipo, inasema ukiweka nadhiri usikawie kuiondoa na bora usiweke kuliko kuweka usiondoe. Kwahiyo yule dada hakutunga. Ila alikusomea deni akaacha kukusomea utaratibu wa kulipa, na utaratibu upo, tena upo kwenye kitabu hichohicho ulichokwama, laiti ungevumilia mpaka sura ya mwisho! Walawi 27 inaanza na watu walioweka nadhiri, inataja viwango kabisa, mwanaume wa miaka 20 mpaka 60 shekeli 50 za fedha, mwanamke 30, halafu mstari wa 8 unasema kama mtu ni maskini kuliko hicho kiwango, asimamishwe mbele ya kuhani, na kuhani amhesabie upya kwa kadiri ya uwezo wake yeye aliyeweka nadhiri. Yaani toka enzi za Musa ilijulikana kwamba watu wataahidi kwenye joto la ibada, kesho yake maisha yawapige, na mlango ukaachwa wazi kwa ajili yao. Rudi nyuma sura ya 5, kuna mtu aliyeapa kwa midomo yake bila kufikiri, huyo anaungama na kuleta mwana-kondoo, akishindwa analeta hua wawili, akishindwa na hao analeta unga. Unga, mama. Huyo Mungu anayepokea unga leo ndo amekuwa hapokei nusunusu?

Na ukienda kwa Paulo ndo unacheka. Wakorintho waliahidi mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, mwaka ukapita hawajamaliza, ndo maana anawaandikia 2 Wakorintho sura ya 8 na ya 9. Humo humo anasema "kama nia ipo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo". Kanisa zima la Korintho lilikuwa na ahadi haijaisha na bado anawaita ndugu.

Kwahiyo fanya hivi. Mtafute mchungaji wako, au mzee wa kanisa mmoja mwenye kifua cha kutunza maneno, mkae wawili, umwambie niliahidi laki sita, nimetoa mbili, hali yangu ni hii, naomba tuhesabu upya. Mnaweza kukubaliana elfu kumi kwa mwezi hata kama itachukua miaka mitatu na ushee, mnaweza kupunguza, mnaweza kusema hizi laki mbili zimetosha kwa sasa. Zote hizo ni halali. Hiyo ndo kazi ya kuhani wa Walawi 27 na mchungaji anayeijua kazi yake hatakushangaa. Ukikutana na wa kukufokea, usibishane naye, tafuta mwingine aliyekomaa zaidi.

Ila ile laki ya kausha damu niseme kidogo utaniwia radhi. Ile hukumpa Mungu, ulinunua jina lako lisisomwe. Sikulaumu, ningekuwa wewe sijui ningefanya nini, na wachungaji wenzangu mnaosoma majina ya wasiomaliza ahadi mbele ya watu naomba mjue kuna kina mama wanatoka hapo wanaenda kukopa kwa riba ya kutisha, sadaka mnaipokea, watoto wao wanalala na uji. Lakini wewe kuanzia leo usikope tena kumtolea Mungu, hata shilingi, na usikope kwa mwingine kumlipa huyu. Hao wakopeshaji wanatakiwa kuwa na leseni chini ya sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inayosimamiwa na Benki Kuu, kwahiyo chukua mkataba wako, kama upo, umpelekee msaidizi wa kisheria auangalie kabla hujapeleka rejesho lingine kwa woga, halafu nenda na mtu mzima mmoja mkaongee na mkopeshaji kuhusu kupunguza kiasi cha kila siku. Anayekudai ni huyo. Hiyo lugha ya "madhabahu inakudai" mimi siipendi, inamfanya Mungu aonekane kama mtu wa marejesho anayepita asubuhi na daftari, na ukishamuona hivyo lazima utamkimbia, nani anamkimbilia anayemdai?

Hapo ndo nataka nikueleze kitu kinachotokea ndani ya mtu, maana kuna sehemu ya hili jambo haina uhusiano na imani kabisa, ni jinsi akili zetu zilivyo. Mwaka 1975 mwanasaikolojia mmoja, Peter Herman, na mwenzake walifanya jaribio na watu, baadhi yao ni wale wanaojibana kula ili wasinenepe. Wengine wakapewa kinywaji kizito cha maziwa na sukari, kisha wote wakawekewa aiskrimu waonje wanavyotaka. Ungetegemea aliyekunywa kile kinywaji ale aiskrimu kidogo si ndio? Wanaojibana waliokunywa walikula zaidi kuliko wanaojibana ambao hawakunywa. Kichwani walishajiambia leo nimeshaharibu, basi tena, acha niharibu vizuri. Baadaye Alan Marlatt, aliyeshughulika na watu wanaoacha pombe huko Marekani, akaeleza jambo linalofanana: mtu aliyeacha akinywa glasi moja, glasi ile haimrudishi kwenye ulevi kwa nguvu zake, kinachomrudisha ni tafsiri anayoipa, "kumbe mimi ndo nilivyo, sijawahi kubadilika". Aibu inamla, na aibu inatafuta kitu cha kuituliza, na kitu anachokijua ni chupa.

Sasa jiangalie. Ulikosa Jumatano moja ya kufunga. Kukosa Jumatano moja ni kukosa Jumatano moja. Lakini ulijiambia nimeshaharibu, ya pili ikaenda, ya tatu, Biblia ikafuata, halafu ukaanza kukwepa kikundi, mwisho ukakwepa ibada yenyewe, na wakati kwenye ile karatasi hakuna mahali uliandika "kwenda kanisani"! Kitu ambacho hakikuwa hata lengo ndo umekipoteza kwa ajili ya malengo. Hujakosa imani hapo, umeangukia kwenye shimo ambalo mlevi wa Marekani na mtu wa diet wameangukia, na shimo hilo likishajulikana lilipo linarukika. Mwaka 2010 watafiti wa London wakiongozwa na Phillippa Lally walichapisha matokeo ya watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia mpya, ilichukua kama siku 66 kwa wastani mpaka kitu kiwe cha kawaida, wengine siku 18, makadirio ya wengine yakafika 254, na kilichonifurahisha mimi ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Haya, Habakuki. Naomba uvumilie hapa maana hapa ndo pana jibu la swali lako la feki.

Mstari mliosomewa mkesha, "Iandike njozi ukaifanye iwe wazi sana katika vibao", tunaupenda sana kila Desemba, mimi mwenyewe nimeshauhubiri hivyohivyo nikiwa kijana. Shida yake ni kwamba njozi ile haikuwa ya Habakuki. Hakuwa na boma wala diploma. Alikuwa analia "hata lini" kwa udhalimu aliokuwa anauona nchini kwake, Mungu akamjibu kitu kibaya zaidi, kwamba Wakaldayo, wale wa Babeli, wanakuja kuipiga nchi yake, akabisha, akapanda kwenye zamu yake kungoja, ndo akaambiwa andika. Alichoandika ni neno la Mungu kuhusu hukumu na wakati ulioamriwa. Kwahiyo ukichukua mstari ule ukaweka chini yake "kupaua kufikia Juni", nyumba isipopauliwa unaona neno la Mungu limeanguka, wakati Mungu hakusema Juni, wewe ndo ulisema. Kupanga sio vibaya, Mithali imejaa kupanga, ila mpango wako usiusainie kwa jina lake.

Shuka mistari miwili tu, mstari wa 4: "mwenye haki ataishi kwa imani yake". Paulo ameuchukua mara mbili, Warumi na Wagalatia, na Waebrania 10 wameuchukua wakiwa wanaongea na watu waliochoka, waliokuwa wameanza kuacha kukusanyika kama wewe. Neno la Kiebrania hapo ni emuna. Sisi tukisikia imani tunawaza ule moto wa mkesha, mikono juu, machozi, kuona kabisa bati ziko juu ya nyumba. Emuna ni neno la kutotikisika, kukaa palepale. Unajua lilitokea wapi mara ya kwanza likihusu mtu? Kutoka 17. Israeli wanapigana na Amaleki, Musa yuko kilimani kainua mikono, akishusha wanapigwa. Akachoka. Musa, aliyeipasua bahari, mikono ikamshinda. Wakamletea jiwe akae, Haruni akashika upande huu na Huri upande ule, na mstari wa 12 unasema mikono yake ikathibitika mpaka jua lilipokuchwa. Hiyo "ikathibitika" ndo emuna, neno lilelile.

Kwahiyo picha ya kwanza ya neno hilo kwenye Biblia ni mzee aliyechoka, amekaa kwenye jiwe, mikono imeshikwa na wengine. Wewe uliniuliza kama imani yako ni feki kwasababu mikono imeshuka. Mikono ya Musa ilishuka. Tofauti yako na yeye ni kwamba wewe umeshuka mlimani ukajifungia ndani ambapo Haruni hakuoni na Huri hajui.

Na Habakuki anamalizaje? Sura ya 3 mwishoni kabisa, mtini hauna maua, mizabibu haina matunda, taabu ya mzeituni imekuwa bure, mashamba hayajatoa chakula, zizi halina kundi, banda halina ng'ombe. Hesabu mwenyewe, ni orodha ya malengo yaliyokwama, mengi kuliko yako. "Walakini nitamfurahia Bwana". Kitabu tulichokusomea ukurasa wa katikati tukakutuma ukaandike karatasi, hatukukusomea ukurasa wake wa mwisho, na kwa hilo mimi kama mtu wa madhabahu nakuomba radhi.

Kuhusu yule mwenzako aliyepaua sina mengi. Furaha yake ni ya kweli, usimnunie, ila ushuhuda wake unaeleza nyumba yake, hausemi chochote kuhusu wewe. Mtoto wake alilazwa mwezi wa nne? Hesabu zenu hazikuwa sawa toka mwanzo. Nikitaja mbio najua wengi mnategemea John Stephen Akhwari, Mtanzania wa marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, aliyemaliza wa mwisho na goti limefungwa bandeji, na watu wanaishia hapo kwenye goti. Mimi ninachokipenda ni kwamba aliendelea kukimbia, na 1970 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh alikuwa wa tano kwenye marathoni. Hilo hakuna anayelitengenezea bango.

Sasa umeuliza uanze upya mkesha ujao au uache kabisa kujipangia. Kuacha kabisa kuna raha yake, kwa miezi michache unapumua, na kwa mtu aliye kwenye hali yako hata mimi nakushauri upumzike na malengo mpaka usingizi urudi. Lakini mtu mwenye watoto na biashara hawezi kuishi bila kupanga, ukiacha kabisa utapangiwa na mkopeshaji. Kuyabeba yote matano tena Desemba na kuongeza maombi sikushauri hata kidogo, ni kuchukua mzigo uliokuvunja mgongo ukasema safari hii nitaunyanyua kwa sauti kubwa zaidi. Bora uvifumue kimojakimoja. Mtaji kwanza na deni, maana ndo chakula cha watoto. Boma halina haraka, tofali zilizosimama hazidai, zifunike tu juu mvua isizile. Diploma kaulize chuoni kama masomo uliyofaulu bado yanahesabika na yana muda gani kabla ya kufutika, hilo ni swali la ofisi, halihitaji maombi ya siku 21.

Kufunga simamisha. Mtu asiyelala na asiyekula vizuri hafungi, na kama daktari atakupa dawa muulize kwanza kabla ya kurudia. Biblia ina sura 1,189, ukigawa kwa mwaka ni zaidi ya tatu kila siku, kwa mama anayefungua belo alfajiri ni nyingi. Mchungaji wa Scotland, Robert Murray M'Cheyne, alitengeneza mpango wa kusoma Biblia mwaka 1842 unaotumika mpaka leo duniani, na barua aliyoandika kuutambulisha ilitaja hatari zake yeye mwenyewe, mojawapo kwamba kwa wengine utakuwa nira nzito isiyobebeka. Mwenye mpango alijua! Wamoraviani wa Herrnhut huko Ujerumani wao toka 1731 wanachapa kitabu cha neno fupi la kila siku, mstari mmoja unatembea nao, na hao ndo walioleta Injili Rungwe 1891, kwahiyo usidharau mstari mmoja. Soma Zaburi moja asubuhi, fupi, ukiruka siku usilipe deni la jana, soma ya leo.

Na kanisani urudi Jumapili hii. Najua kinachokuzuia ni mlangoni, ile "mpendwa ulipotelea wapi", kwahiyo jiandae na jibu fupi, "nilikuwa na hali ngumu, niombeeni", basi, hudaiwi maelezo. Kama ibada ya kwanza ndo yenye daftari la majina ya ahadi nenda ya pili. Usikae nyuma kabisa karibu na mlango, utatoka. Na tafuta Haruni wako na Huri wako kabla ya Jumapili, watu wawili, sio kikundi kizima. Nitakushangaza nikikwambia wa kwanza kumjaribu awe yule mwenzako aliyepaua? Mliandika naye siku moja, anajua karatasi yako ilikuwa na nini, na mtu aliyetoka kujenga anajua bei ya kila tofali na usiku aliolia kwa ajili ya fundi. Mpigie, mwambie nina jambo zito naomba unisindikize hospitali. Akikataa, hujapoteza kitu, jaribu mwingine, ila sidhani kama atakataa.

Mkesha ukifika, nenda. Wamethodisti wana ibada ya agano ya mwanzo wa mwaka iliyoanzishwa na John Wesley London 1755, na maombi yake nayapenda kwasababu hayana orodha ya mtu anachotaka, yanamwambia Mungu nitumie au niweke kando, nijaze au niache mtupu. Mwaka huu ukipewa karatasi, kama utakuwa na nguvu ya kuandika, andika jina la mtoto aliyepona, na ukikosa la kuandika zaidi irudishe hivyohivyo, nyeupe.

Lakini Desemba iko mbali. Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua meza ya mitumba, hospitali. Ukitoka niandikie walivyosema.